Pikapu Iliyochuchumaa

Pikapu ya mjukuu wangu Evariste ilikuwa imesimama juu sana, hata mbuzi wa jirani alikuwa akipita chini yake bila kuinamisha pembe. Evariste mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Nyuma, juu ya magurudumu, alikuwa ameiongezea lame, vile vyuma virefu bapa vinavyolaliana kimoja juu ya kingine, ili ibebe magunia ya mihogo na mchele kutoka bonde la Ruzizi bila kukaa chini. Hapa kwetu Songo watoto walikuwa wakiiona inakuja, wanasema, "Ghorofa ya Evariste hiyo." Naye alikuwa akifurahi kama mtu aliyesifiwa mtoto.

Kwa hiyo siku aliposema ataishusha, niliweka chini sufuria niliyokuwa naosha nikamwangalia vizuri, nione kama hana homa.

Sababu ilikuwa Capitoline.

Capitoline ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Hakuzaa, lakini mama wa wajukuu zangu alipofariki, ni yeye aliyemchukua mdogo wa Evariste, Patient, akiwa bado ananyonya, akamlea mpaka akawa mwanaume mwenye ndevu. Miaka michache iliyopita Capitoline aliteleza kwenye jiwe pale ziwani alipokuwa akifua, nyonga ikaumia. Anatembea, lakini mguu wake haupandi. Unafika kimo cha kizingiti cha jiko lake, basi, pale unagoma.

Mwaka jana, kwenye mahari ya mjukuu mwingine, vijana wanne walimnyanyua kumpandisha kwenye pikapu. Walifanya kwa roho nzuri, sisemi kitu. Lakini kikwembe alichojifunga kilifunguka, kiatu kimoja kilibaki Songo na kingine kikaenda kwenye sherehe, na kuna mtu alipiga picha kwa simu. Picha ile ilivuka mpaka Bujumbura kabla yetu sisi kufika hata Kavimvira hapo mbele. Tangu siku hiyo Capitoline aliapa.

"Minye habatanibeba tena," alisema. "Siku batanibeba nitakuwa ndani ya sanduku, na pale nitanyamaza."

Sasa ikafika zamu ya Patient. Msichana wake, Akimana, ni wa Nyakabere, huko bondeni, watu wa kulima, wapole na wenye maneno mengi. Na katika ukoo wa mume wangu tuna desturi yetu: binti mkubwa wa ukoo ndiye anayebeba kikapu cha mahari. Kikapu hakitengwi na vitu vingine, kwa hiyo mwenye kikapu anapanda motokari ileile ya mizigo. Na akifika anashuka na kuingia kwa wakwe kwa miguu yake mwenyewe. Binti mkubwa wa ukoo ni Capitoline. Hakuna mwingine.

"Basi kikapu atabeba wifi yangu Célestine," Capitoline alisema, akinionyesha kwa kidevu.

"Mimi niliolewa kwenu," nikamjibu. "Unataka wazee wanifufukie?"

Patient alikuwa amekaa mlangoni. Hakuinua sauti. Alisema tu, "Koko," maana ndivyo tunavyomwita bibi hapa kwetu, "kama weye huendi, minye nitabaki hapa na weye. Akimana atanisubiri." Halafu akaenda kumchotea maji, kama kawaida yake.

Capitoline aligeuka ukutani. Nilijua analia, nikajifanya natafuta chumvi.

Tulijaribu yote. Tulijaribu kiti, kikayumba. Tulijaribu kreti ya bia, mguu haukufika. Evariste alileta hata ngazi ya kupakia rangi, Capitoline akaitazama tu na kumwambia, "Papa, minye ni kuku?" Evariste akacheka, halafu akasimama kando ya pikapu yake akiipapasa ubavu. Alikuwa anatafuna muwa. Akaacha kutafuna.

"Koko," akasema, "kama mlima haushuki na weye haupandi, minye nitashusha motokari."

Akamwomba Capitoline asimame kwenye mlango wa jiko na kuinua mguu mpaka pale unapogoma. Akausimamisha ule muwa chini kando ya mguu, akaukata kwa kisu pale pale kisigino kilipofikia. "Hii ndiyo kipimo," akasema. Sisi kwetu muwa uko kila mahali, mtu anaushika kama wengine wanavyoshika kalamu. Hakuna aliyefikiri kutafuta kitu kingine cha kupimia.

Kesho yake, ambayo ilikuwa siku moja kabla ya mahari, nilikwenda naye kwa Claude, fundi wa magari pale Kavimvira, karibu na mpaka. Claude aliponiona alifuta mikono kwenye suruali, akatandika katoni safi juu ya tairi kuukuu, akasema, "Mama, ikala hapa, kuko kivuli." Sijasahau ile katoni. Alikuwa na moja tu, naye kazi yake ni ya kulala chini ya magari.

Evariste alipomweleza, Claude aliweka mkono sikioni.

"Nishushe?"

"Shusha."

"Evariste, hapa batu bote banakuja kupandisha. Banasema, Claude, ongeza lame, Claude, barabara iko mbaya. Alikuja muntu mumoja tu kushusha, kijana wa muji na cheni ya shingo, motokari yake ni ya kutembeza muziki. Weye unabeba mihogo!"

"Niko nabeba koko yangu."

Claude akaniangalia mimi. Nikamwambia si mimi, mimi bado napanda. Tukamweleza habari ya kikapu na picha ya simu. Claude akacheka mpaka akashika mlango, kumbe picha ile na yeye alikuwa ameiona. Halafu akaacha kucheka ghafla, akasema, "Kumbe alikuwa koko ya muntu," akachukua funguo zake bila kuuliza neno lingine.

Evariste alimkabidhi muwa, akamwonyesha: kutoka chini mpaka pale mguu unapokanyaga mlangoni, usizidi huu. Kisha akaenda kuwatafuta ndugu zake wa Bujumbura waliokuwa wanavuka kuja kwenye sherehe. Mimi nikabaki kwenye katoni yangu. Nilimwona Claude akiinua pikapu kwa jeki, akifungua nati za nyuma, akichomoa lame ya kwanza. Akateremsha motokari, akapima kwa muwa. "Bado," akasema. Akachomoa nyingine. "Bado." Upepo wa ziwa ulikuwa mzuri. Nikasinzia.

Niliamshwa na sauti ya Evariste.

"Claude, motokari yangu iko wapi?"

"Iko pale."

"Pale wapi?"

"Nyuma ya matairi."

Na kweli, palikuwa na rundo la matairi mabovu, na nyuma ya rundo kilionekana kipande cha paa jeupe, basi. Tukazunguka. Pikapu ilikuwa imechuchumaa chini kama kuku anayetaka kutaga. Mbele pia Claude alikuwa amelegeza vyuma, pua ikashuka ikafanana na nyuma. Evariste akamgeukia Claude.

"Kipimo iko wapi?"

Claude akamwonyesha muwa. Ulikuwa mfupi, na ncha yake ilikuwa na alama za meno. Miguuni pake palikuwa na makapi meupe, mengi.

"Ulikula kipimo!"

"Nilikula ncha tu."

"Ncha ngapi?"

Claude akayaangalia makapi kana kwamba yametupwa na mtu mwingine. "Nilikuwa napima, naona bado. Natoa lame, napima, naona bado. Nikasema, hii koko mguu yake iko chini sana, masikini." Akajikuna kichwa. "Lakini weye pia! Unamuachia muntu muwa tangu asubuhi! Kama hutaki bakule, leta metre ya chuma!"

Nilijaribu kukaza uso, nikashindwa. Nilicheka mpaka katoni ikateleza nikakaa kwenye tairi lenyewe. Evariste alitaka kukasirika, lakini ni vigumu kukasirika huku bibi yako anafuta machozi kwa kitenge. Claude alisema anaweza kuirudisha lame moja, lakini nati mbili zimeshaliwa na kutu, itabidi atafute nyingine, labda kesho mchana. Kesho mchana tulitakiwa tuwe Nyakabere.

"Basi twende hivihivi," Evariste akasema. Claude akakataa malipo ya ile lame ya mwisho. "Ile nilitoa kwa ajili ya njaa yangu," alisema.

Kupita Kavimvira ilikuwa kazi. Wabadilisha pesa wote walisimama kwenye meza zao.

"Evariste! Ghorofa imebomoka?"

"Muache, iko natafuta sarafu chini!"

"Shofere, ukitaka kushuka usifungue mulango, weka tu mikono chini!"

Evariste alikuwa akiteleza kwenye kiti mpaka macho tu ndiyo yaliyobaki juu ya usukani. Lakini niliona kitu ambacho yeye hakukiona. Mzee mmoja kati ya wale waliokuwa wanatucheka alitangulia mbele, akasogeza jiwe la barabarani kwa mguu ili lisitukwaruze, akarudi kwenye meza yake kuendelea kucheka.

Tulipofika Songo, Capitoline alikuwa ameketi nje na mgongo wake kwetu, hataki kuona. Evariste akafungua mlango wa pikapu.

"Koko, jaribu."

Alikuja polepole, akiishuku motokari kama mbwa wa mtu. Akaweka mkono kwenye mlango. Akainua mguu. Mguu ukaingia, na nafasi ikabaki. Akaketi.

Halafu yeye akaita, "Wifi! Niko ndani!" Akatoa miguu, akasimama. "Niko nje!" Akaketi tena. "Niko ndani!" Majirani wakaanza kutoka majumbani. Kila alipoketi wanawake walipiga vigelegele, kila aliposimama wakapiga tena, na Capitoline, mtu mzima na mvi zake, akaendelea mpaka jasho likamtoka, huku Patient ameegemea ukuta anacheka na kupangusa pua kwa mkono wa shati.

Asubuhi yake tukapakia mizigo, na hapo ndipo tulipoona tulichosahau. Kipimo tulichukua, mguu tulipima, lakini pikapu tuliipima ikiwa tupu.

Vijana waliweka kreti za bia, pikapu ikashuka kidogo. Wakaweka za limonadi, ikashuka tena. Wakapandisha mbuzi, na wanawake wa kwaya wakaanza kupanda na ngoma yao, na chuma kikalia chini kwa chini kama mtu anayeugulia. Evariste akawasha, akasogea kidogo, harufu ya mpira ikajaa uwanja mzima. Matairi yalikuwa yanasuguana na bodi.

"Imekaa," Evariste akasema. Akaweka paji la uso kwenye usukani.

Capitoline alikuwa ndani tayari, amevaa kitenge kipya, kikapu mapajani: chumvi, kitambaa cha mama wa msichana, samaki wa mikeke waliokaushwa vizuri, na jembe jipya juu yake. Alitazama nyuma kwenye mizigo, kisha akatutazama sisi. Niliuona uso wake ukizimika.

"Nishuke," akasema. "Vitu biende. Mahari bila bia si mahari."

Akaanza kutoa mguu nje. Patient akaja akachuchumaa mlangoni, akaushika ule mguu akaurudisha ndani, taratibu, kama anavyorudisha mtu mtoto kitandani.

"Koko, bia inaweza kupanda moto, pikipiki si ziko? Mbuzi iko na miguu mine. Weye ndiye hautoki humu."

Neno hilo lilikuwa kama kiberiti. Kijana mmoja wa moto, ambaye alikuwa amepita tu kutazama, alishuka kwenye pikipiki yake akafunga kreti mbili nyuma. "Minye nitapeleka hii," akasema. "Munipe wali kule." Akampigia simu mwenzake, mwenzake akamwita mwingine. Kwa muda mfupi pikipiki zilijaa uwanjani, kreti juu ya kreti, wanawake wa kwaya wawili wawili nyuma ya madereva, mbuzi mmoja amekumbatiwa na jirani yetu aliyekuwa amevaa suti. Kwenye pikapu tulibaki Evariste kwenye usukani, Capitoline na kikapu, na mimi katikati yao. Ilinyanyuka kidogo, ikashusha pumzi, ikaenda.

Basi tulitoka Songo hivyo, pikapu mbele, pikipiki nyuma zikipiga honi, kwaya ikiimba huku imeshikilia viuno vya madereva. Pale Kavimvira wabadilisha pesa walifikiri ni mkubwa fulani anapita. Mmoja alipotutambua alipiga saluti. Capitoline akamwinulia mkono kwa heshima zote.

Njia ya bondeni ni ya udongo, na malori yanaichimba mpaka katikati panabaki tuta. Motokari nyingine zinapita juu ya tuta hata hazijui kama lipo. Yetu ilikuwa inalijua tuta lolote kwa jina. Tukifika penye tuta kubwa vijana walishuka na kulisawazisha kwa miguu. Wakulima waliokuwa shambani, watu ambao hawatujui, waliacha kazi wakaja na majembe yao kutukatia njia, wakauliza tu, "Muko nakwenda kuoa?" Tukisema ndiyo, wanalima kwa nguvu zaidi.

Lakini karibu kabisa na Nyakabere tulikuta tuta gumu kama tofali, na shambani hapakuwa na mtu. Vijana walipiga teke, wapi. Walitafuta fimbo, ikavunjika. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kulitazama jembe kwenye kikapu.

"Hapana," Capitoline akasema. "Jembe ya mukwe haichezi barabarani."

Tukasubiri. Jua lilikuwa linapanda. Kwa mbali tulianza kusikia ngoma za kina Akimana wakitungoja. Capitoline aliligeuzageuza lile jembe, akalifuta kwa ncha ya kitenge ingawa lilikuwa safi, kisha akampa Patient.

"Lima. Lakini mulipanguse."

Patient alilima kwenye suti yake ya bwana arusi, na wenzake wakampigia makofi kila alipoinua mikono. Pikapu ikapita kwa kujikuna tumbo tu. Jembe likapanguswa kwa majani, likarudi kikapuni.

Mlangoni kwa wakwe alikuwa amesimama Ninahazwe, shangazi wa Akimana, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kutuhangaisha. Alitazama pikipiki zote zile, akatazama pikapu, akashika kiuno.

"Wageni, karibu! Tulisikia bwana arusi iko na motokari ya kurefuka. Hii mbona imepiga magoti?"

"Tumekuja kuomba binti," Evariste akajibu kupitia dirishani. "Ulitaka isimame?"

Watu wakaangua kicheko. Vijana wa kwao wawili walikuwa wanakuja mbio na mikono imenyooshwa kumshika Capitoline, nami nikachukua kikapu kutoka mapajani mwake. Capitoline akainua kiganja.

"Aksanti, wanangu. Simameni palepale."

Akafungua mlango mwenyewe. Akatoa mguu mzima, akautoa ule mgonjwa. Ardhi ilikuwa palepale chini ya viatu vyake, ikimsubiri. Akasimama, akajinyoosha kitenge, akapokea kikapu kutoka kwangu.

Kutoka pale mpaka ndani ya ua haikuwa mbali, lakini anatembea kwa kuvuta nyonga, na watu wote walikuwa wanamtazama. Ninahazwe aliona. Hakumsogelea. Alianza kurudi nyumanyuma mbele yake, akipiga makofi kwa mwendo uleule wa Capitoline, akiyumba anapoyumba, na wanawake wao wote wakadaka makofi hayo. Basi ikawa ni ngoma. Mtu asiyejua angesema ndivyo anavyochezaga tangu usichana. Mpaka leo nikimkumbuka Ninahazwe nakumbuka zile nyayo zake zinazorudi nyuma.

Ndani, alipopokea kikapu, akatoa jembe juu. Udongo mwekundu ulikuwa umebaki shingoni mwa jembe. Akalionyesha kwa wazee.

"Bakwe! Hii jembe imeshalima! Munatuletea ya zamani?"

Patient akatazama viatu vyake, vilivyokuwa na udongo uleule.

"Ni mupya," Capitoline akasema. "Ililima mara moja tu. Ililima njia ya kuja kwenu, na ule aliyelima ni ule anataka binti yenu. Muangalie viatu yake."

Babu yake Akimana, Mzee Nshimirimana, aliinuka kwa fimbo, akaenda akaviangalia viatu kweli, akainama kabisa. Akasema kwa Kirundi jambo ambalo sikulielewa lote, lakini vigelegele vilivyofuata nilivielewa. Akimana alikuwa anachungulia kwenye pazia. Alimtafuta Patient kwa macho, kisha akamtafuta Capitoline, akamwinamia kichwa tangu palepale alipokuwa.

Tulirudi alasiri pikapu ikiwa nyepesi, tumbo limejaa wali. Evariste alisema kesho asubuhi atarudi kwa Claude kurudisha lame zote, mihogo inamngoja.

"Asubuhi," Capitoline akasema. "Basi leo bado iko yangu. Tupite ziwani."

Hakuwa amekwenda ziwani tangu alipoanguka. Evariste akaingia njia ya mchanga mpaka mahali wanawake wanapofulia. Kabla hatujamsaidia alikuwa ameshashuka, anakwenda zake. Akalitafuta lile jiwe akalipata.

"Weye," akaliambia. "Unanikumbuka?"

Akalilowesha maji kwa kiganja, akalipiga kofi, akaketi juu yake na kuosha miguu yake yote miwili bila haraka. Wanawake waliokuwa wakifua walimsogezea sabuni bila kumuuliza yeye ni nani.

Kisha akarudi, akapanda, akafunga mlango. Evariste akawasha. Capitoline akafungua mlango tena, akatoa mguu, akasimama nje kwenye mchanga.

"Koko, kuna nini tena?" Evariste akauliza. "Umesahau kitu?"

"Hapana," akasema. "Niko nashuka tu."